Sura ya Tatu: Wafalme Waliojitungia Ukoo

Gari lililobeba maiti ya Alexander wa Makedonia lilitengenezwa kwa miaka miwili. Lilikuwa na umbo la hekalu dogo lenye paa la dhahabu, na lilikokotwa na nyumbu 64, kila mmoja amevishwa taji na kuning'inizwa kengele za dhahabu kwenye mashavu yote mawili. Mwaka 321 KK liliondoka Babeli taratibu kuelekea magharibi, na kila mji lilipopita watu walimiminika barabarani kulitazama. Ndani yake alilala mtu aliyefariki akiwa na umri wa miaka 32, mshindi wa nchi zote kuanzia Ugiriki hadi India, asiyeacha mrithi wa kushika alichokiteka. Ndugu yake wa baba mmoja hakuwa na akili timamu, na mwanawe alizaliwa yeye akiwa amekwisha kufa.

Jemadari Perdiccas, aliyekabidhiwa muhuri wa dola, alitaka mwili huo ukazikwe Makedonia kwenye makaburi ya wafalme. Haukufika. Huko Shamu msafara ulikutana na jeshi la Ptolemy mwana wa Lagus, rafiki wa marehemu tangu ujana wao, ambaye sasa alikuwa liwali wa Misri. Ptolemy aliupokea mwili kwa heshima zote, kisha akaenda nao kwake.

Aelian, aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, anaisimulia habari hii kwa namna yake. Anasema majemadari walipokuwa wakigombana na maiti haijazikwa, mtabiri Aristander alitangaza kwamba nchi itakayoupokea mwili wa Alexander itastawi na haitatekwa kamwe. Ptolemy akauiba. Kwa kujua kwamba Perdiccas angemfuata, alitengeneza sanamu inayofanana na marehemu, akaivika mavazi ya kifalme, akailaza juu ya gari la Kiajemi lililopambwa kwa fedha, dhahabu na pembe za ndovu, akaiacha iende polepole kwenye barabara kuu. Mwili wenyewe ulipitishwa njia za panya, bila pambo wala mbwembwe. Perdiccas alilikamata lile gari, akasimama kushangilia. Alipogundua alichokikamata, maiti ilikuwa imekwisha mponyoka.

Kilichofuata hakikuhitaji kutiwa chumvi. Perdiccas aliivamia Misri, akajaribu kuvuka mto Nile karibu na mji wa Memphis. Ndovu wake na farasi waliokuwa majini walitibua mchanga wa chini kwa miguu yao, mto ukawa na kina kirefu ghafla, na askari waliokuwa katikati wakasombwa. Zaidi ya 2,000 walikufa, na Diodorus wa Sicilia anaandika kwamba wasiopungua 1,000 kati yao waliliwa na wanyama wa mtoni. Ptolemy aliziokota maiti zilizoelea upande wake, akazichoma kwa taratibu za mazishi ya Kigiriki, akaipeleka mifupa kwa ndugu wa marehemu waliokuwa kambini kwa adui. Usiku uleule maofisa wa Perdiccas walimuua ndani ya hema lake. Kesho yake Ptolemy aliingia katika kambi hiyo bila upanga kuchomolewa, na akapewa nafasi ya kuwa mlezi wa dola nzima. Alikataa. Alitaka Misri tu.

Mimi nakuona kukataa kule kuwa uamuzi wa busara kuliko wote uliofanywa na majemadari wa Alexander. Waliotaka dola nzima waliuawa mmoja baada ya mwingine, naye alifia nyumbani akiwa mzee. Ile maiti ilikaa Memphis kwa muda, kisha ikahamishiwa Iskandaria. Mmoja wa wafalme wa mwisho wa ukoo huo alilichukua jeneza la dhahabu kwa kukosa fedha, akaweka la kioo mahali pake. Octavian wa Roma alipoiteka Misri mwaka 30 KK, aliomba kuuona mwili. Wenyeji walipomuuliza kama angependa kuwaona na akina Ptolemy, alijibu kwamba amekuja kumwona mfalme, hakuja kutazama maiti. Kaburi hilo lilitoweka baadaye, na hadi leo halijapatikana.

Jibu la Octavian lilikuwa tusi, lakini liligusa kidonda cha kweli. Ptolemy hakuwa mtoto wa mfalme. Alikuwa mwanajeshi mgeni katika nchi iliyokuwa na wafalme kwa karibu miaka 3,000, nchi ambayo mfalme wake alihesabiwa kuwa mungu mwana wa mungu. Ukoo wake uliitawala Misri kwa karibu miaka 300, na katika muda huo wote haukuacha kutunga. Nimezoea kuzisoma hadithi zake kwa swali moja: siku hadithi hii ilipoanza kusimuliwa, kiti cha enzi kilikuwa kimepungukiwa na nini?

Tuanze na kuzaliwa kwake. Ilisemekana kwamba baba yake halisi hakuwa Lagus bali Philip, baba yake Alexander, aliyempa mimba mama yake kabla hajaolewa. Kwa hadithi hiyo Ptolemy anageuka kuwa ndugu wa marehemu. Hadithi nyingine ilidai kwamba Lagus alimtupa mtoto huyo nyikani, na tai akashuka, akamkinga kwa mbawa zake dhidi ya jua na mvua, akamlisha damu ya tombo badala ya maziwa. Tai ni ndege wa Zeus. Basi ukiitazama sarafu ya akina Ptolemy, yoyote ile, uwezekano ni mkubwa kwamba upande mmoja utamkuta tai amesimama juu ya radi. Kila aliyenunua samaki sokoni aliishika picha hiyo kiganjani.

Ptolemy mwenyewe aliandika kitabu cha vita vya Alexander. Kitabu kimepotea, ila Arrian alikisoma na kukitegemea, akieleza kwamba uongo ungemfedhehesha mfalme kuliko mtu mwingine. Lakini Arrian huyohuyo anatuambia kuwa jeshi lilipopotea jangwani likielekea kwa mungu Ammon huko Siwa, Ptolemy aliandika kwamba nyoka wawili waliokuwa wakitoa sauti walilitangulia na kuliongoza. Aristobulus, aliyekuwa na Alexander pia, aliandika kwamba walikuwa kunguru wawili. Kunguru jangwani ni kitu cha kawaida, nao huruka kuelekea penye maji. Nyoka ni alama ya ufalme wa Misri, yule anayeinua kichwa juu ya kipaji cha farao. Kwa maoni yangu Ptolemy alijua vizuri ni nani aliyekuwa akimwandikia.

Hadithi kubwa kuliko zote inamhusu Nectanebo wa Pili, farao wa mwisho mzaliwa wa Misri. Waajemi walimshinda mnamo 343 KK, akatoweka. Wasimulizi wakamfuata alikotowekea. Walisema alikuwa mchawi mkubwa, akanyoa nywele na ndevu, akatoroka na dhahabu mpaka Makedonia, akajifanya mnajimu. Kule alimwendea malkia Olympias usiku kwa umbo la mungu Ammon, na mtoto aliyezaliwa akawa Alexander. Miaka ikapita. Alexander akaingia Memphis na kuikuta sanamu ya Nectanebo yenye maandishi yanayotabiri kwamba mfalme aliyekimbia akiwa mzee atarudi akiwa kijana na kuwashinda Waajemi. Akairukia sanamu na kuikumbatia, akatangaza kuwa huyo ndiye baba yake.

Kwa hadithi hiyo uvamizi unageuka kuwa marejeo. Mmisri angeweza kuisikiliza bila kuona aibu, na Mgiriki angeweza kuisimulia bila kuogopa. Iliingizwa katika kitabu cha visa vya Alexander kilichotungwa Iskandaria, na kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kilatini, Kiarmenia, Kisiria, Kiarabu na hata Kige'ez cha Ethiopia. Wafasiri wengi wa Kurani walimtambua Dhulqarnain wa Surat al-Kahf kuwa ni Iskandari huyo, na wengine wakalipinga hilo kwa nguvu. Kwa njia hiyo jina lake likafika mpaka kwenye madarasa ya pwani yetu, ambako hapana aliyewahi kulisikia jina la Nectanebo.

Mungu aliyekuja kwa meli

Iskandaria ulikuwa mji wa wahamiaji. Wamakedonia, Wagiriki wa visiwani, Wayahudi, Wasiria na Wamisri walikaa mtaa kwa mtaa, kila kundi na madhabahu yake. Tacitus anasimulia kwamba Ptolemy aliota ndoto: kijana mzuri ajabu, mrefu kupita mwanadamu, alimwagiza alete sanamu yake kutoka Ponto, kisha akapaa mbinguni ndani ya moto. Mfalme akauliza, akaelekezwa Sinope, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi. Wajumbe wakaenda na zawadi. Mfalme wa kule, Scydrothemis, akasitasita miaka mitatu, huku wananchi wake wakilizingira hekalu ili mungu wao asichukuliwe. Ndipo, wanasema, sanamu ikatembea yenyewe hadi kwenye meli, na siku ya tatu ikawa imefika Iskandaria.

Huyo ndiye Serapis, mzee mwenye ndevu nyingi kama Zeus, na kibaba cha nafaka kichwani. Lakini wachimbuaji wa Saqqara, jirani na Memphis, wameyakuta makaburi ya fahali wa Apis, ambao Wamisri waliamini kwamba wakifa huungana na Osiris. Osiris-Apis aliabudiwa Memphis kabla Alexander hajazaliwa. Mungu anayesemekana kutoka Bahari Nyeusi alitoka mwendo wa siku chache tu kupanda mto. Plutarch anawataja washauri wawili waliomthibitisha: Timotheus, Mgiriki aliyejua siri za ibada za Eleusis, na Manetho, kuhani wa Kimisri. Manetho huyo ndiye aliyeandika kwa Kigiriki historia ya mafarao, akiwagawa katika koo 30, na mgawanyo wake unatumika vyuoni hadi leo. Inanipendeza kuwafikiria wawili hao katika chumba kimoja, wakitafuta sura ambayo Mgiriki angeizoea na jina ambalo Mmisri angelikubali. Walifaulu sana ughaibuni. Serapis aliabudiwa mpaka Uingereza ya Waroma. Vijijini Misri, wakulima waliendelea na miungu yao.

Mwana, Ptolemy wa Pili, alikuwa na tatizo jingine, maana alimwoa Arsinoe, dada yake wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa Wagiriki hilo lilikuwa chukizo. Washairi wa ikulu waliajiriwa kueleza kwamba Zeus naye alimwoa dada yake Hera, na makuhani wa Misri hawakukosa kumkumbuka Osiris na dada yake Isis. Mshairi Sotades aliyesema hadharani alichokuwa akikifikiri kila mtu alifungiwa ndani ya sanduku la risasi na kutoswa baharini. Arsinoe alipofariki alitangazwa kuwa mungu, na sanamu yake ikawekwa katika mahekalu yote nchini.

Mfalme huyo ndiye aliyefanya maandamano makubwa ambayo Callixeinus wa Rhodes aliyaeleza kwa kirefu. Ilipitishwa sanamu ya kike iliyokuwa ikisimama yenyewe kwa mtambo, inamimina maziwa kutoka bakuli la dhahabu, kisha inaketi. Wakapita ndovu wakikokota magari 24. Wakapita watu kutoka kusini, ambao Wagiriki waliwaita Waithiopia, wakibeba pembe za ndovu 600 na magogo ya mpingo 2,000. Mwishoni wakapita askari wa miguu 57,600 na wapanda farasi 23,200. Hata tukipunguza hesabu hizo, mabalozi wa kigeni waliokuwa wakitazama waliuelewa ujumbe.

Maktaba ya Iskandaria imeandikiwa mengi, nami sitarudia. Nitataja visa viwili tu. Galen, tabibu mashuhuri, anasema kila meli iliyotia nanga ilipekuliwa vitabu. Vitabu halisi vilibakizwa, na wenyewe wakarudishiwa nakala. Anasema pia kwamba Ptolemy wa Tatu aliazima kutoka Athens nakala rasmi za tamthilia za Aeschylus, Sophocles na Euripides kwa dhamana ya talanta 15 za fedha, kisha akabaki nazo na kuiacha dhamana ipotee. Ndani ya taasisi hiyohiyo Eratosthenes aliukokotoa mzingo wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha Iskandaria na jua la utosini la Aswan. Hapo hapakuwa na hadithi. Palikuwa na fimbo, kivuli na hesabu, na hilo kwangu ndilo jambo tukufu kuliko yote yaliyotendeka chini ya ukoo huu.

Maktaba hiyo ndiyo inayotajwa pia katika kisa cha Torati kufasiriwa kwa Kigiriki. Barua inayoitwa ya Aristeas inasema mfalme aliwaleta wazee 72 kutoka Yerusalemu, wakakaa kisiwani Pharos, wakaimaliza kazi kwa siku 72. Waliosimulia baadaye wakaongeza kwamba kila mfasiri alifanya kazi peke yake na wote wakaandika maneno yaleyale. Barua inamfanya Demetrius wa Phalerum kuwa msimamizi wa kazi hiyo, wakati tunajua kwamba Ptolemy wa Pili alimfukuza Demetrius mara tu alipotawala. Tafsiri yenyewe ni ya kweli, nayo iliwafaa kwanza Wayahudi wa Iskandaria, ambao watoto wao walikuwa wanaisahau lugha ya mababu.

Nywele za malkia na ndovu wa Bahari ya Shamu

Mwaka 246 KK Ptolemy wa Tatu aliondoka kwenda kupigana Shamu, siku chache baada ya harusi yake. Mkewe Berenice, binti wa mfalme wa Cyrene, aliweka nadhiri ya kukata shungi la nywele zake iwapo mume angerudi salama. Alirudi, nywele zikawekwa hekaluni, kesho yake hazikuonekana. Mnajimu Conon wa Samos akaeleza kwamba miungu imezipandisha mbinguni, akaonyesha kishada cha nyota hafifu karibu na nyota za Simba. Mshairi Callimachus akalitungia shairi, na wanafalaki wa leo bado wanakiita kishada hicho Nywele za Berenice.

Ni hadithi nzuri, nami naipenda. Iliambatana na nyingine isiyopendeza. Katika karne ya 6 BK msafiri Cosmas alinakili maandishi ya jiwe aliyoyaona Adulis, bandari iliyokuwa katika Eritrea ya leo. Ndani yake Ptolemy wa Tatu anajisifu kuwa alizitiisha nchi zote mpaka Baktria. Ukweli ni kwamba alikatisha vita na kurudi kwa sababu nyumbani Misri watu walikuwa wameanza kuasi. Wakati mbingu inapewa nyota mpya, nchi ilikuwa inaasi. Na Berenice mwenyewe aliuawa mwaka 221 KK, mwanawe alipotwaa kiti cha enzi, katika njama za waziri Sosibius.

Jiwe la Adulis lilitaja pia ndovu, na hapa ndipo ufalme huu unapoingia katika historia ya Afrika ya Mashariki. Seleucus, jemadari mwingine wa Alexander, alikuwa amepewa ndovu 500 na mfalme Chandragupta wa India, na warithi wake walioitawala Shamu waliishika njia ya kwenda India. Akina Ptolemy walihitaji ndovu wa vita na hawakuwa na pa kuwapata ila kusini. Ptolemy wa Pili akamtuma Eumedes kujenga kituo cha uwindaji kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kilichoitwa Ptolemais ya Mawindo. Vituo vikafuatana kwenda kusini, vingi vikiitwa kwa majina ya maofisa walioviongoza, hata kuvuka mlango wa Bab el-Mandeb. Strabo anaorodhesha nguzo na madhabahu zao kwenye pwani ya Wasomali mpaka karibu na ncha ya Pembe ya Afrika.

Ndovu walisafirishwa kwa meli maalumu hadi Berenike, bandari iliyo upande wa Misri, kisha wakatembezwa jangwani mpaka Nile. Meli hizo zilikuwa nzito na zilizama sana majini, kwa hiyo zikikokotwa na upepo usiku zilikwama kwenye mafungu ya mchanga. Diodorus anasimulia jinsi mchanga ulivyojikusanya kuzizunguka na jinsi mabaharia walivyokufa humo kwa njaa, wenye nguvu wakiwatosa wenzao ili chakula kitoshe. Ipo barua ya mwaka 224 KK, imeandikwa kwenye karatasi ya mafunjo, ikiwatia moyo wawindaji waliokuwa mbali kusini. Meli ya ndovu imezama, inasema, lakini nyingine inatengenezwa, na nafaka itawafikia karibuni. Sijasoma hati ya kifalme ya ukoo huu inayonigusa kama barua hiyo.

Wawindaji wenyeji nao wana sehemu yao. Walikuwapo watu waliowaua ndovu kwa ajili ya nyama, kwa kuwakata mishipa ya miguu ya nyuma kwa shoka. Mfalme aliwaomba waache, awapate ndovu wakiwa hai, akawaahidi zawadi nyingi. Walimjibu kwamba hata akiwapa ufalme wake wote hawataacha maisha yao. Habari hii inatokana na Agatharchides, msomi wa Iskandaria wa karne ya 2 KK, aliyezisoma taarifa za maofisa wa huko. Katika maandishi yote ya zama hizo, hao ndio watu pekee ninaowajua walioangaliwa usoni na utajiri wa akina Ptolemy wakasema hapana.

Jaribio la ndovu hao lilikuja tarehe 22 Juni 217 KK huko Raphia, yaani Rafah ya leo, kusini mwa Gaza. Ptolemy wa Nne alikuwa na ndovu 73 wa Afrika. Antiochus wa Tatu, mfalme wa Shamu, alikuwa na 102 wa India. Polybius anasema ndovu wa Afrika walishindwa kustahimili harufu na mlio wa wale wa India, wakaogopa ukubwa wao, wakarudi nyuma na kuwakanyaga askari wao wenyewe. Kutokana na maneno hayo wataalamu wengi wa karne ya 20 waliamini kwamba walikuwa ndovu wadogo wa misituni. Uchunguzi wa vinasaba vya ndovu wa Eritrea uliochapishwa mwaka 2014 umeonyesha kwamba ni ndovu wa nyika, aina ileile ya Tsavo na Serengeti.

Ndovu walishindwa, ila Ptolemy alishinda vita. Aliyempa ushindi ni askari wa miguu, wakiwamo Wamisri 20,000 ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wamepewa mikuki mirefu ya Kimakedonia na kufundishwa kuitumia. Polybius anaona kwamba hapo mfalme alijipalia makaa. Watu waliojiona wakimshinda mfalme wa Shamu walirudi vijijini wakijua wanaweza kumshinda na mwingine.

Waliotawaliwa

Kwa muda mrefu historia ya ufalme huu iliandikwa kutokana na washairi na majemadari. Kisha jangwa likaanza kusema. Msimu wa 1899 hadi 1900 Grenfell na Hunt wa Oxford walikuwa wakichimba Tebtunis katika Fayum, wakitafuta karatasi za mafunjo, na badala yake wakawa wanafukua mamba waliokaushwa kwa ajili ya ibada. Kibarua mmoja alikasirika, akampasua mamba. Tumboni na mwilini mwote mulikuwa na karatasi kuukuu zilizotumiwa kumfungia. Nyingi zilitoka katika ofisi ya Menches, karani wa kijiji cha Kerkeosiris mwishoni mwa karne ya 2 KK. Humo yamo mashamba kwa vipimo vyake, kodi, wakulima waliotoroka, na ahadi ya Menches mwenyewe ya kutoa ngano na kunde ili arudishiwe kazi yake.

Kabla yake kuna hati za Zenon, wakala wa waziri wa fedha Apollonius, zipatazo 2,000. Mojawapo ni malalamiko ya mtu wa ngamia ambaye jina lake halikusalia. Alitumwa kazini Shamu, akanyimwa mshahara. Akavumilia, akakimbia, akapewa bwana mwingine, naye akamnyima. Akitaka kumlipa humpa mvinyo mbovu. Anamwandikia Zenon kwamba wanamdharau kwa sababu si Mgiriki na hajui kuishi Kigiriki. Namsihi anayefundisha historia ya Iskandaria, akimaliza kuisifu Maktaba, awasomee wanafunzi barua hiyo.

Mnamo 206 KK kusini yote iliasi. Mtu aitwaye Horwennefer alitawazwa farao huko Thebes, akafuatiwa na Ankhwennefer, na kwa karibu miaka 20 mikataba ya kawaida ya mauziano na ndoa katika sehemu hizo iliandikwa tarehe kwa miaka ya mafarao hao wenyeji. Ndiyo maana jiwe la Rosetta, lililopatikana mwaka 1799 na ambalo dunia inalijua kama ufunguo wa kusoma maandishi ya mafarao, lina makuhani wengi na shukrani nyingi. Tamko lake lilitolewa na makuhani huko Memphis tarehe 27 Machi 196 KK kwa heshima ya mfalme mwenye umri wa miaka 13 hivi, ambaye nusu ya nchi yake haikumtambua. Anasamehe kodi, anawaongezea makuhani haki zao, na wao wanakubali kumwabudu. Ankhwennefer alishindwa na kukamatwa mwaka 186 KK na jemadari Komanos.

Waliotawaliwa nao walitunga. Utabiri wa Mfinyanzi, uliosomwa kwa vizazi vingi, unasimulia kwamba zamani, katika enzi ya farao Amenophis, mfinyanzi alishtakiwa kwa kufuru na vyungu vyake vikavunjwa. Mbele ya mfalme alianza kutabiri: wageni watatawala, mto utakosa maji, jua litafifia, kisha wageni wataanguka wenyewe kwa wenyewe kama majani yaangukavyo. Roho mlinzi wa mji ule wa pwani atauhama kwenda Memphis, na mahali ulipokuwa patakuwa pa wavuvi kuanikia nyavu. Alipomaliza kusema, akafa. Hata hapo panasimuliwa kurudi kwa mfalme wa haki, kama ilivyosimuliwa ikulu juu ya Nectanebo. Tofauti ni kwamba safari hii anayerudi hana damu ya Makedonia.

Iskandaria haukuwa uwanja wa nyavu. Akina Ptolemy walimalizwa na Roma baada ya kuuana wao kwa wao kwa vizazi kadhaa, na Cleopatra, wa mwisho na wa kwanza wao kujifunza Kimisri, alijiua mwaka 30 KK. Hekalu la Horus huko Edfu, ambalo Ptolemy wa Tatu aliliwekea msingi tarehe 23 Agosti 237 KK, lina maandishi ukutani yanayokiri kwamba ujenzi ulisimama kwa sababu ya uasi wa kusini na kwamba waasi walijificha ndani yake. Lilikamilika mwaka 57 KK, baada ya miaka 180 ya kujengwa. Ukoo ulioujenga ukuta huo ulibakiwa na miaka 27.